Chakula cha Harusi: Mambo ya Kukubaliana na Mpishi Kabla ya Kutoa Arubuni

Maramba, kama ilivyo katika vijiji na miji mingi ya Wilaya ya Mkinga, harusi si jambo la watu wawili wala la nyumba mbili pekee. Ni shughuli ya mtaa mzima. Majirani huchangia, ndugu husafiri kutoka Tanga, Muheza na Lushoto, na wengine huvuka mpaka wa Horohoro wakitokea Kwale na Mombasa. Wote hao hupokewa kwa chakula. Harusi ambayo chakula chake kilitosha na kikafika kwa wakati husahaulika makosa yake mengine. Ile ambayo wageni waliondoka na njaa hukumbukwa kwa miaka.

Fedha ya chakula hicho aghalabu si ya mtu mmoja. Ni michango ya ndugu na jamaa, akiba ya wazazi, na pengine mkopo wa kikundi. Hata hivyo, fedha hiyo mara nyingi hukabidhiwa kwa mpishi baada ya mazungumzo mafupi barazani, bila karatasi wala risiti. Tunaandika mwongozo huu ili mlaji ajue nini cha kuuliza, nini cha kuandika na wapi pa kwenda mambo yakiharibika. Ujumbe wetu ni mmoja: ugomvi mwingi kati ya familia na mpishi hautokani na ubaya wa mtu, bali na jambo ambalo kila upande ulidhani upande wa pili umelielewa. Dawa yake ni kulitamka na kuliandika kabla fedha haijatoka mkononi.

Tambua kwanza aina ya makubaliano

Ziko namna mbili kuu za kufanya kazi na mpishi wa shughuli, na kila moja ina wajibu wake.

Namna ya kwanza ni ya mpishi wa ujira. Familia hununua mchele, nyama, mafuta, viungo na kuni. Mpishi na wasaidizi wake huleta ujuzi na nguvu zao, na pengine masufuria. Hulipwa ujira kwa kuhesabu kilo za mchele, idadi ya masufuria, au kwa shughuli nzima. Namna hii imezoeleka sana vijijini. Gharama yake ni nafuu, na familia hujua kwa macho yake ubora wa kilichonunuliwa. Lakini wajibu wa kiasi uko kwa familia. Chakula kikipungua kwa sababu mchele ulikuwa mchache, mpishi hana lawama, isipokuwa kama ni yeye aliyeandika orodha ya mahitaji.

Namna ya pili ni ya huduma kamili. Mpishi, au kampuni ya mapishi kutoka mjini, hununua kila kitu, hupika, huleta vyombo na wahudumu, na hutoza kwa kila sahani. Gharama huwa kubwa zaidi, lakini wajibu wa kiasi, ubora na wakati ni wa mpishi.

Hatari iko pale namna hizi mbili zinapochanganywa bila kuelezwa. Chukua mfano wa familia iliyonunua mchele na mbuzi, kisha mpishi akaahidi kwamba "vilivyobaki ataviangalia yeye". Vilivyobaki ni vipi? Je, ni viungo na mafuta tu, au pia mkaa, maji ya kunywa, soda, masinia, vijiko na turubai la jikoni? Siku ya shughuli inapofika, kila upande humtazama mwenzake. Kwa hiyo tunashauri kwamba mbele ya kila kitu kinachohitajika liandikwe jina la atakayekileta. Kitu kisicho na jina ni kitu ambacho hakitakuwapo.

Hesabu walaji, si kadi

Swali la kwanza la mpishi mzuri ni idadi ya watu. Kosa la kawaida ni kumjibu kwa idadi ya kadi. Tuchukue mfano wa kamati iliyogawa kadi 150. Kati ya hizo, 90 ni za watu wawili na 60 ni za mtu mmoja. Hiyo ni idadi ya wageni 240, si 150. Wako pia ndugu 25 waliofikia nyumbani ambao hawakupewa kadi kwa sababu wao ndio wenyeji. Wako watu wa kazi 20: wapishi wenyewe, wahudumu, madereva, mpiga picha, mshereheshaji na wapiga muziki. Na wako watoto 30, ambao tukiwahesabu wawili kwa sahani moja ni sahani 15. Jumla ni sahani 300, yaani mara mbili ya idadi ya kadi.

Kwa walima wa kijijini usio na kadi, ambapo jirani haalikwi kwa karatasi bali kwa ujirani wake, hesabu ifanywe kwa kaya. Kaeni na mwenyekiti wa kitongoji au wazee wa mtaa, hesabuni nyumba, kisha ulizeni familia iliyofanya shughuli ya mwisho mtaani hapo ilipika kilo ngapi na kikabaki kiasi gani. Jibu hilo lina thamani kuliko makisio ya mtu yeyote.

Baada ya kupata idadi, ongezeni akiba ya kama moja ya kumi. Kwa mfano wetu, sahani 300 huwa 330. Akiba hiyo iandikwe kama sehemu ya makubaliano, ili isije ikadaiwa kuwa ni zawadi ya mpishi au kuwa ni faida yake.

Geuza idadi kuwa kilo

Mlaji hahitaji kuwa mpishi ili akague hesabu. Kwa pilau au biriani, tunaweza kukadiria gramu 150 za mchele mbichi kwa mtu mzima na gramu 200 za nyama mbichi yenye mfupa. Kwa watu 330 hiyo ni takriban kilo 50 za mchele na kilo 66 za nyama. Nyama hupungua uzito inapopikwa, kwa hiyo anayehesabu kwa uzito wa nyama iliyoiva na anayehesabu kwa nyama mbichi hawazungumzi lugha moja. Kubalianeni kwamba kilo zote zinazotajwa ni za kitu kibichi.

Panapoliwa kwa masinia, iko njia nyingine ya kukagua. Sinia moja ikiwa ya watu sita, watu 330 wanahitaji masinia 55. Mchele wa kilo 50 ukigawanywa kwa masinia 55 hutoa takriban gramu 900 za mchele mbichi kwa kila sinia. Mpishi akileta hesabu iliyo mbali sana na hii, juu au chini, mwombe aieleze. Huenda ana sababu nzuri: pakiwa na ndizi, chapati, maharage au samaki pembeni, mchele hupungua. Vyakula vinapokuwa vingi, kila kimoja huliwa kidogo.

Mnaponunua wenyewe, nunueni kwa kilo na mizani, si kwa debe, kisado au gunia la kukadiria kwa macho. Mizani ya biashara inapaswa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama ya uhakiki. Nyama ipimwe tena inapofika nyumbani, mbele ya mpishi na mwakilishi wa familia, na uzito uandikwe. Mteueni mtu mmoja wa stoo atakayetoa vitu na kuweka kumbukumbu. Kufanya hivyo si kumshuku mpishi. Ni kumlinda yeye pia, kwa kuwa chakula kikipungua atakuwa na ushahidi kwamba alipokea pungufu.

Chagua mpishi kwa kazi yake

Jina zuri ni jambo jema, lakini tunashauri muulize mambo matano. Shughuli kubwa kuliko zote aliyopika ilikuwa ya watu wangapi, na nani anaweza kuithibitisha? Ana masufuria na majiko mangapi, na kama ni ya kukodi, ameyashika kwa tarehe hiyo? Ana wasaidizi wangapi? Je, siku hiyo hiyo ana shughuli nyingine? Na akiugua, nani atasimama mahali pake?

Swali la nne lina uzito katika miezi yenye harusi nyingi, kama ile inayotangulia Ramadhani, siku zinazofuata Idi, na Desemba. Mpishi mmoja anaweza kupokea arubuni za nyumba tatu kwa Jumamosi moja, akitumaini kugawanya wasaidizi. Mkishachagua mpishi kwa ajili ya mkono wake, andikeni kwamba atakuwapo mwenyewe tangu moto unapowashwa hadi chakula kinapogawiwa.

Kampuni inayofanya biashara ya chakula iulizwe leseni ya biashara na vyeti vya afya vya wafanyakazi wake, kwa kuwa watu wanaoshika chakula cha umma wanapaswa kupimwa afya zao. Panapowezekana, ombeni kuonja. Mpishi apike kiasi kidogo cha chakula kilichopangwa, kwa gharama mtakayokubaliana, na ladha iliyokubaliwa siku hiyo ndiyo iwe kipimo cha siku ya shughuli.

Suala la uhalali wa chakula lisemwe wazi. Maramba wanaishi Waislamu na Wakristo, na harusi moja huweza kuwa na wageni wa pande zote mbili. Andikeni nani atachinja, na kwamba masufuria na visu vitakavyotumika havijatumika kwa nyama ya nguruwe. Jambo hili likigunduliwa siku ya shughuli, hakuna fidia inayoweza kulirekebisha.

Bei, arubuni na risiti

Bei iandikwe ikiwa kamili. Bei ya sahani moja inajumuisha nini? Je, usafiri wa kutoka Tanga hadi Maramba umo? Posho ya wahudumu? Kodi? Kuosha vyombo? Kikombe kikivunjika au sinia ikipotea, nani analipa na kwa bei gani? Sahani ya shilingi 10,000 kwa watu 300 ni shilingi 3,000,000, lakini ikiongezwa nauli, vinywaji na ukodishaji wa vyombo ambao haukutajwa mwanzoni, si ajabu kamati ikajikuta inatafuta fedha usiku wa kuamkia harusi.

Arubuni, ambayo wengi wetu huiita kwa mzaha kishika uchumba, ni haki ya mpishi. Anahitaji fedha ya kushikia vyombo na kununulia mahitaji. Lakini si busara kulipa yote mwanzoni. Gawanyeni malipo katika mafungu matatu: la kwanza la kushika tarehe, la pili karibu na siku ya manunuzi, na la mwisho baada ya chakula kugawiwa. Fungu la mwisho ndilo linalompa mlaji nguvu ya kudai kazi iliyokamilika. Nanyi msilicheleweshe: mpishi aliyetimiza wajibu wake alipwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa naye ana wasaidizi wanaosubiri.

Kila malipo yawe na ushahidi. Mkilipa kwa simu, hakikisheni jina linalotokea ni la mpishi au kampuni yake, na msifute ujumbe. Mkilipa taslimu, daini risiti. Mpishi asiye na mashine ya risiti na aandike karatasi yenye tarehe, kiasi, sababu ya malipo, na sahihi za pande zote mbili.

Mambo ya kuandika katika mkataba

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Ugumu wake ni kuyathibitisha. Karatasi moja ya daftari inatosha, mradi iwe na mambo haya:

1. Majina, anwani na namba za simu za pande zote, na mashahidi wawili.
2. Tarehe, mahali, saa ya mpishi kufika na saa ya chakula kuwa tayari.
3. Idadi ya walaji, akiba, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha idadi.
4. Orodha ya vyakula na vinywaji, na kiasi chake kwa kilo au idadi.
5. Nani analeta nini, kuanzia mchele hadi kuni, maji na vyombo.
6. Namna ya kugawa: masinia, sahani zilizopakuliwa, au bafe, na idadi ya wahudumu.
7. Bei, mafungu ya malipo na tarehe zake.
8. Itakuwaje shughuli ikiahirishwa au kuvunjika, na mpishi akishindwa kufika.
9. Mabaki ni ya nani.

Kipengele cha nane kifikiriwe kwa utulivu. Harusi huahirishwa kwa msiba, kwa ugonjwa, au kwa mvua za masika. Kubalianeni kwamba familia ikitoa taarifa mapema, kwa mfano wiki mbili kabla, arubuni ihamishiwe tarehe mpya. Taarifa ikichelewa, mpishi akate gharama alizokwisha kuingia na arudishe kinachobaki. Maneno kama "fedha hairudishwi" msiyakubali bila kuuliza maana yake katika kila hali.

Kipengele cha tisa huonekana kidogo, lakini huleta maneno. Wapishi wengine huhesabu ukoko, utumbo na ngozi ya mnyama kuwa sehemu ya ujira wao, na familia nyingine huhesabu kubeba chakula hicho kuwa wizi. Pande zote zinaweza kuwa na desturi yao. Sentensi moja ya maandishi humaliza jambo.

Usalama wa chakula siku ya shughuli

Chakula kinaweza kutosha na bado kikawadhuru wageni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa muda unaozidi saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za sentigredi. Wali na nyama vilivyopoa polepole ndani ya sufuria kubwa ni mahali pazuri kwa vijidudu kuzaliana, na baadhi yake huacha sumu ambayo haiondoki chakula kikipashwa moto upya. Kwa hiyo pilau ya walima wa mchana isipikwe usiku wa manane ikasubiri. Kama chakula ni baada ya swala ya Adhuhuri, mwombeni mpishi apange moto ili sufuria la mwisho liive karibu na saa sita mchana, na yaliyotangulia yabaki juu ya makaa.

Nyama inunuliwe mahali inapokaguliwa na kupigwa muhuri. Mnyama akichinjwa nyumbani, mwiteni afisa mifugo aikague kabla haijakatwakatwa. Kachumbari ikatwe mwisho, kwa mikono iliyooshwa, juu ya ubao ambao haukukatiwa nyama mbichi. Maji ya kunywa na ya kutengenezea juisi yachemshwe au yatiwe dawa. Wekeni maji yanayotiririka na sabuni kwa ajili ya wageni wanaokula kwa mkono, na choo kiwe mbali na jiko. Mpishi mwenye kuhara, homa au kidonda mkononi asishike chakula, hata awe bingwa wa namna gani.

Mambo yakiharibika

Chakula kikichelewa au kikipungua, kwanza wahudumieni wageni. Nunueni mbadala kwa gharama ya kawaida na tunzeni risiti. Pigeni picha, hesabuni masinia yaliyotoka, na mwombeni shahidi asiye wa familia aone. Msigombane na mpishi mbele ya wageni. Mazungumzo yenye manufaa ni ya kesho yake, karatasi ikiwa mkononi.

Mpeni mpishi nafasi ya kueleza na kurekebisha. Mkishindwa kuelewana, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata anaweza kuwakalisha. Kwa sheria, aliyevunja mkataba anaweza kudaiwa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunja huko. Fidia hulenga kufidia hasara, si kumkomoa mtu, na anayedai naye hutarajiwa kuwa amejitahidi kuipunguza hasara hiyo. Dai la namna hii linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Pakiwa na udanganyifu katika kutangaza au kuuza huduma, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Mizani yenye shaka ni ya Wakala wa Vipimo. Wageni wakiugua, wapelekeni kituo cha afya mapema, mjulisheni afisa afya, na hifadhini kiasi cha chakula kilichobaki ili kichunguzwe. Aliyechukua fedha za watu akijua hatapika, hilo si suala la mkataba pekee. Toeni taarifa polisi.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Mpishi mwema haogopi karatasi, kwa kuwa inamlinda dhidi ya mwenye shughuli anayeongeza wageni mia siku ya mwisho na kutaka bei ile ile. Na familia yenye heshima haioni haya kuandikiana na jirani, kwa kuwa ujirani utaendelea baada ya maturubai kufungwa. Kaeni barazani, nyweni kahawa, zungumzeni kwa wema wote. Kisha, kabla ya kutoa arubuni, ombeni kalamu.